Shikamoo kwa Njia ya Waya

Jumatatu, 5 Mei 1975

Paredi asubuhi. Ukungu umelala juu ya mahindi, milima ya Mikumi haionekani kabisa. Kapteni Filipo alipanda juu ya kreti tupu la soda akasoma waraka kutoka makao makuu. Sikuwa nasikiliza. Nilikuwa natazama ukungu na kufikiria nitakavyopendeza nikiwa na mistari mitatu begani badala ya miwili. Mara nikasikia neno "swichibodi". Nikazinduka.

Waraka unasema hivi. Kila chombo cha mawasiliano jeshini kionyeshe kinasaidiaje lengo la kambi kilipo. Kisichosaidia kitapelekwa kwingine, na mtunzaji wake atapangiwa kazi yenye faida. Meja atakuja Jumatano ya wiki ijayo kujionea kwa macho yake.

Lengo la kambi yetu linajulikana hata na mbwa wa jikoni. Mahindi! Huu ni mwaka wa kilimo cha kufa na kupona, nasi tumeahidi kujilisha wenyewe na kubakiza cha kuwapa wengine.

Sasa swichibodi yangu, mtambo wa kuunganisha simu, inasaidiaje mahindi? Naipangusa kila siku. Naifunika kwa kitambaa alichonifumia mama kule Berega. Ina laini mbili tu zinazofanya kazi, ya ofisi ya Kapteni na ya jikoni. Kapteni hupiga kuuliza kama maharage yameiva. Jikoni hujibu bado. Ndiyo vita yote niliyowahi kupigana.

Sajini Donati, mkuu wa shamba, alisema mbele ya watu kwamba swichibodi ikiondoka, chumba kitafaa kwa mbolea na Koplo Hezekia atafaa kwa jembe. Watu wakacheka sana. Hata kuruta Marselina, msaidizi wangu, aliinamisha uso. Nimeitazama mikono yangu mchana kutwa. Mikono laini! Ya kuchomeka na kuchomoa waya. Jembe litaiua.

Jumanne, 6 Mei

Nimepata!

Sikupata kwa kufikiri. Nilipata kwa kusinzia. Baada ya chakula nilijiegemeza kitini, hedifoni masikioni, nikisikiliza ule mvumo wa laini isiyo na mtu. Napenda sana mvumo ule. Nikaota nyaya zimechipua katikati ya mahindi, zinapanda kwenye mabua, zinatoa mbelewele za shaba. Upepo ukipita zinanong'ona. Zote zilikuwa zinalitaja jina langu, tena kwa cheo cha sajini.

Nilipoamka debe lilikuwa linalia shambani. Nikaelewa papo hapo.

Shamba letu lina madungu manne. Juu ya kila dungu anakaa mzee wa mgambo kutoka kijiji cha ujamaa cha jirani, analinda mahindi. Nyani wakitoka mbugani, mzee anapiga debe na askari wanatoka mbio. Lakini debe halisemi ni dungu lipi. Askari wanakimbia huku na huku. Wengine wanakimbilia jikoni, nimewaona.

Mpango wangu: simu katika kila dungu! Mzee anazungusha kipini cha pembeni mwa simu, kengele inalia chumbani kwangu. Marselina anapokea. Mzee anataja dungu lake na nyani wanakoelekea. Askari wanakwenda moja kwa moja. Chombo na lengo, bega kwa bega!

Kapteni Filipo alisikiliza akakubali. Nadhani alichoka kuelezwa. Sajini Donati akadai debe halihitaji betri. Nikamjibu kwamba dunia inakwenda mbele. Akasema na nyani nao.

Alhamisi, 8 Mei

Siku nzuri kuliko zote tangu nijiunge na jeshi.

Tumetandaza waya tangu alfajiri. Umande ulitulowesha hadi kiunoni. Marselina alibeba gurudumu la waya akitangulia kati ya mistari, mimi nyuma yake, na waya unajifungua taratibu. Mbali kule tambarare ya Mkata ilikuwa ya bluu. Ningetamani shamba lisiishe.

Dungu la mashariki, lile la upande wa mbuga, ni la Mzee Mwinshehe. Ndiye mkubwa wa wazee wote. Kapteni mwenyewe humwamkia kwa kuvua kofia. Alipokea simu kwa mikono miwili, akaitandikia kanga safi ya mkewe, Bi Mwanakheri, akaiweka juu yake. Nikamfundisha kuzungusha. Nikamsisitizia kwamba akiona nyani tu, azungushe pale pale.

Jaribio la kwanza. Nilikuwa nimerudi chumbani. Kibao kidogo cha swichibodi kinachoonyesha laini ya mashariki kikaanguka, kengele ikalia! Marselina akachomeka waya, akatoa shikamoo. Mzee akaitikia marahaba. Akauliza habari za kwao Mgeta. Akaeleza habari za goti lake. Akamwarifu kwamba Bi Mwanakheri amekwenda Mvumi, binti yao amejifungua. Sauti safi, utadhani yuko chini ya meza. Machozi yalinitoka. Nikawaacha waendelee.

Ijumaa, 9 Mei

Balaa!

Nyani walitoka asubuhi, upande wa mashariki. Mzee Mwinshehe alizungusha pale pale, kama nilivyomfundisha. Marselina alipokea pale pale. Mfumo haukuwa na dosari. Kisha Marselina akaamkia. Mzee akaitikia, akauliza ameamkaje. Marselina akasema salama, sijui babu. Mzee akasema yeye hajambo isipokuwa goti. Marselina akampa pole ya goti. Mzee akauliza wazazi. Marselina akauliza mjukuu mpya. Mtoto hajambo, ananyonya vizuri, amepewa jina la bibi yake. Hongera babu. Ahsante mwanangu. Ndipo mzee akasema kuna nyani.

Nyani walikwisha kushiba. Askari walikwenda moja kwa moja hadi mahali penyewe, bila kupotea hata hatua, wakakuta magunzi. Nyani wa mwisho hakukimbia. Alitembea.

Sajini Donati aliyakusanya magunzi kwenye tenga akayapeleka mezani kwa Kapteni. Mtu mbaya sana huyu.

Nilimuuliza Marselina kwa nini hakukatisha. Alinitazama kama nimemwambia amtukane mama yake. Akasema mzee hakatishwi katikati ya salamu, hata nyumba ikiwa inaungua.

Nikaenda kumuuliza mzee mwenyewe. Mbona kwenye debe hakuwa na salamu? Nyani wakitoka alikuwa anapiga tu! Akanijibu kwa upole kwamba debe ni debe, hakuna anayelijulia hali. Lakini ndani ya simu kuna mtu. Tena mtoto wa watu. Utamrukiaje na habari za nyani?

Mchana wazee walikwenda kuswali. Nyani wakarudi. Nyani wanaijua Ijumaa kuliko sisi.

Jumamosi, 10 Mei

Nimeandika Amri ya Salamu. Sentensi moja: ni marufuku kusalimiana kwenye simu za madungu.

Marselina aliisoma akaiweka chini. Akasema yuko tayari kulima, kufungwa rumande, hata kurudishwa kwao, lakini hatapokea simu ya mzee bila kumwamkia. Nilitaka kumwambia macho yake yanapendeza akikasirika. Nikamwambia aende akanywe uji.

Nikafikiri upya. Nikatoa amri bora zaidi: salamu ya jumla! Asubuhi laini zote nne zinaunganishwa pamoja. Marselina anasema shikamooni mara moja. Wazee wanaitikia mara moja. Salamu hiyo inatumika hadi jua lizame. Baada ya hapo ni nyani tu. Nilipoiandika nilijisikia mwepesi kabisa, karibu niruke.

Tukaijaribu hapo hapo. Marselina akasema shikamooni. Wazee wanne wakaitikia marahaba. Safi!

Kisha wakagundua kwamba wanasikiana.

Mzee wa magharibi akamsikia Mzee Mwinshehe, hawajaonana tangu mazishi ya mwezi wa pili. Akamwamkia. Mzee wa kusini naye akamwamkia. Yule wa kaskazini akataka kwanza ijulikane nani mkubwa kati yake na wa kusini, ili ajue aamkie au aitikie. Ikabidi watafute ni nani alitahiriwa mwaka wa nzige na nani mwaka uliofuata. Marselina ananong'ona kwamba mimi ni koplo, nifanye kitu. Kapteni anapiga kuuliza maharage, laini zote zimejaa. Dirishani naona mahindi ya mashariki yanatikisika, na upepo hakuna!

Nikachomoa waya. Zote nne kwa mpigo.

Naambiwa Mzee Mwinshehe alikuwa katikati ya kuitikia.

Jumapili, 11 Mei

Hakuna simu hata moja tangu asubuhi. Vibao vyote vimesimama wima. Kimya kitamu.

Nimekaa peke yangu na swichibodi. Jua limeingia dirishani likakaa juu ya vitundu vyake. Nafikiri mfumo umeanza kuwatisha nyani wenyewe. Wamesikia nyaya zikivuma, wakaona hapa pana utaalamu, wakahamia kwingine. Nimewaza Meja atasema nini. Nimewaza nikihamishiwa Morogoro mjini, nyumba ya bati, Marselina mlangoni akiwa na kanga mpya. Nimesinzia hadi chai.

Jumatatu, 12 Mei

Nilikwenda Kilosa na lori kuchukua betri zilizokuja na treni. Treni ilichelewa. Sikujali. Nilikaa stesheni nikitazama reli zinavyoungana mbali kule, na nyaya za simu zinavyozifuata juu ya nguzo, zinapanda zinashuka. Karani wa stesheni anaongea maneno mawili kwenye simu na treni nzima inaondoka. Maneno mawili! Nilimwonea wivu hadi kifua kikauma. Akaniuliza mimi nafanya nini jeshini. Nikamwambia naongoza mawasiliano ya eneo lote la mashariki. Akaniongezea chai.

Narudi kambini, Marselina ananipokea na habari mbaya. Wazee wameshuka kwenye madungu tangu Jumamosi! Simu wameziacha juu, zimefunikwa vizuri. Wenyewe wako pembeni mwa shamba na madebe yao. Ndiyo maana ya ule ukimya.

Mzee Mwinshehe ametuma ujumbe. Hana hasira. Alikuwa anaitikia marahaba, ikakatwa mdomoni, na mpaka leo hajui nusu iliyobaki ilikwenda wapi. Anamwomba kijana mwenye mtambo aje kwa miguu, amwamkie vizuri, yaishe. Atapanda dunguni siku hiyo hiyo.

Marselina akasema ni mwendo mfupi, atanisindikiza. Alisema kwa sauti ya kuomba. Nikamwambia hili ni tatizo la kiufundi. Halitatuliwi kwa miguu.

Jumanne, 13 Mei

Kesho Meja. Nikiwaza jembe nahisi baridi.

Lakini usingizi wa mchana haujawahi kuniangusha. Nimeamka na mpango. Tomasi, mpishi wetu, ana sauti nzito ya kizee, ukimsikia bila kumwona unaweza kumpa kiti. Kesho atapanda dungu la mashariki. Meja akiwa chumbani kwangu, Tomasi atazungusha. Ataitikia marahaba fupi moja. Atatoa taarifa: mashariki, nyani, wanaelekea kisimani. Basi! Tomasi amekubali kwa ahadi ya viatu vyangu vya akiba. Tumefanya mazoezi nyuma ya jiko. Marahaba yake ni nzuri kuliko ya Mwinshehe.

Marselina sijamwambia. Uso wake haujui kusema uongo.

Jumatano, 14 Mei

Naandika kwa shida.

Meja alifika na Landrova. Mtu mpole, mrefu, mwenye mvi. Akaingia chumbani kwangu na Kapteni. Nilieleza mfumo mzima bila kigugumizi. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akasema mahali pengi amekuta mitambo mizuri isiyojua iko pale kwa ajili ya nini. Moyo wangu ulipaa! Nikamweleza kwamba laini ya mashariki ni ya mzee wetu mkubwa kuliko wote, na sasa hivi atatoa taarifa.

Tukangoja. Ndipo harufu ya pilau ikaingia dirishani.

Pilau ya Meja. Anayepika pilau kambini ni mtu mmoja tu. Nilichungulia nikamwona Tomasi ameshika mwiko, anatoka jasho, ananipungia mkono wa kuomba radhi. Nilikuwa nimepanga kila kitu. Sikukumbuka kwamba Meja atakula.

Nikafungua mdomo kusema laini ina hitilafu. Kibao cha mashariki kikaanguka! Kengele ikalia!

Niliamini kabisa kwamba Mzee Mwinshehe amenisamehe. Karibu nipige magoti. Marselina akachomeka waya haraka, uso umejaa furaha, akasema shikamoo babu. Kimya. Akarudia. Kimya, na pumzi nzito. Akanitazama.

Meja akauliza kulikoni. Nikamwambia mzee ni mtu mzima sana. Meja akasema kama ni mzee wa heshima kiasi hicho, pengine anastahili kuamkiwa na mkubwa wa hapa. Akavua kofia. Akachukua simu, akasimama wima, akasema shikamoo mzee.

Tukangoja. Meja akaufunika mdomo wa simu kwa kiganja, akatuambia kwa sauti ya chini kwamba mzee anatafuna, tumpe nafasi ameze.

Akarudia shikamoo. Nje debe likaanza kulia. Halafu la pili. Halafu yote manne. Askari wanapita dirishani mbio. Sajini Donati akatokea mlangoni, akapiga saluti, akataka kusema. Meja akainua kidole anyamaze. Mtu akishaamkia mzee hawezi kukata simu kabla ya kuitikiwa, na Meja amelelewa. Jasho lilinitiririka mgongoni. Tumesimama sote kama msikitini, shamba linaliwa, tunangoja marahaba.

Kwenye simu kitu kikabweka.

Meja akaitazama simu. Kapteni akavitazama viatu vyake.

Tulikwenda kwa miguu. Juu ya dungu la mashariki alikaa nyani dume mkubwa, juu ya kanga ya Bi Mwanakheri, hindi mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anazungusha simu. Alizungusha kwa upole, vizuri kabisa, kuliko kuruta yeyote niliyemfundisha. Chini wazee wanapiga madebe, na askari walikuwa wameshafika, maana madebe yote yalilia mahali pamoja. Nusu ya mashariki ilipona.

Meja alimtafuta Mzee Mwinshehe. Akavua kofia tena, akamwamkia. Mzee akaitikia marahaba ndefu, akaimaliza. Wakajuliana hali. Wakafika hadi kwenye goti. Mimi nilisimama pale pembeni, na hakuna aliyeniuliza chochote.

Jumamosi, 17 Mei

Swichibodi iliondoka jana kwenye lori la kwenda upande wa Kidodi. Kuna kambi kule inahitaji. Marselina amekwenda nayo, kwa kuwa anaijua. Alinipa mkono, akasema kwaheri afande, na angalau niende kwa mzee. Nililia nyuma ya magunia ya mbolea, chumbani kwangu mwenyewe. Nililia kweli.

Leo nimelima. Malengelenge mikono yote miwili. Donati ananipita anapiga mluzi.

Lakini jembe lina faida moja, linakupa muda wa kuwaza. Nimeyapitia yote tangu mwanzo, bila kujipendelea. Simu haikuwa na kosa. Mimi sikuwa na kosa. Wazee, basi, tuseme ni wazee. Kosa ni la shamba! Shamba liko mbali na swichibodi, ndiyo maana ikabidi watu waongee. Mahindi yangepandwa kuzunguka chumba cha mawasiliano, mtunza mitambo angewaona nyani kwa macho yake dirishani, na taarifa ingefika bila salamu yoyote. Mwaka jana vijiji vizima vilihamishwa, na watu na kuku wao. Shamba ni nini?

Swichibodi haipo, najua. Hilo ni jambo dogo. Shamba likishahamia, watalazimika kuirudisha.

Nimeazima kamba kwa Donati nianze kupima. Alinipa, akacheka hadi akashika ukuta. Acha acheke! Jioni hii nimeng'oa mstari wa kwanza wa mahindi, kwa majaribio, na nimeuchora mpango wote mchangani. Jua linazama, vumbi ni la dhahabu, nimejisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

Mzee Mwinshehe alikuja akasimama mbele yangu. Akanitazama, akangoja. Akangoja sana. Nadhani amevutiwa na mpango. Nikamwambia asogee kidogo, amekanyaga kamba.